Kipimo cha Chungu: Historia Fupi ya Kazi za Mikono Kisumu na Kandokando ya Ziwa

Taarifa ya mwaka ya chama huwa na hesabu za fedha zilizoingia na zilizotoka, majina ya wagonjwa waliozuriwa, na shukrani kwa waliojitolea. Mambo hayo ni ya lazima. Hata hivyo twaona vema kutenga kurasa chache kwa habari za kazi iliyowalisha na kuwavika watoto wengi wa Nyanza, wala haitajwi katika mikutano yetu ila kwa nadra. Nayo ni kazi ya mikono: chungu, kikapu, jamvi, jembe na jiko, vitu vitengenezwavyo nyumbani na kupelekwa sokoni kuuzwa.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake ni kwamba mtu atengenezaye vyombo vizuri vya wenzake, yeye mwenyewe hula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii husemwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna shtaka. Sisi twauliza: je, ni sharti iwe hivyo? Kisha twataka kuonyesha, kwa ushahidi wa historia ya hapa kwetu, kwamba si sharti.

Vigae vya Urewe

Tuanze na jambo ambalo si wengi walijualo. Mwaka 1921 vijana waliosoma katika misheni waliunda Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho watu wa kawaida walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walilalamikia kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo chini ya uongozi wa Askidikoni Walter Edwin Owen wa misheni ya C.M.S. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliomsifu Askidikoni kwa kuwatetea Waafrika mbele ya serikali. Wako pia walioona kwamba aliupunguza ukali wa madai ya vijana. Hatutaki kuamua shauri hilo hapa.

Tunalotaka kulisema ni kwamba Askidikoni huyo wa vyoo na panya alikuwa pia mtafutaji wa vitu vya kale. Mahali paitwapo Urewe, katika Siaya ya leo, vilipatikana vigae vya vyungu vyenye mistari iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, na baadhi ya vyungu hivyo vilikuwa na kibonyeo kidogo chini ya kitako. Owen alifariki mwaka 1945. Mwaka 1948 habari za vyungu vile zilichapishwa kwa majina ya Mary Leakey, Owen mwenyewe na Louis Leakey. Tangu hapo wataalamu wamekuta vyungu vya namna hiyo Uganda, Rwanda, Burundi na kaskazini-magharibi ya Tanzania, na baadhi yake vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Leo wataalamu wa mambo ya kale huviita vyungu vya Urewe. Waliovitengeneza walijua pia kuyeyusha chuma.

Hatusemi kwamba akina mama wafinyanzi wa leo ni wajukuu wa watu wale. Watu wamehama, lugha zimebadilika, na Wajaluo waliingia nchi hii karne nyingi baadaye. Mapambo nayo yamebadilika: mahali pa mistari ile ya kuchorwa pameingia alama za kamba iliyosokotwa, ambayo mfinyanzi huivingirisha juu ya udongo mbichi. Twasema hivi tu: katika nchi hii ufinyanzi ni wa kale kuliko ufalme, misheni, reli na serikali zote tuzijuazo. Kazi iliyodumu kiasi hicho haifai kuitwa kazi ya wasio na kazi.

Chungu kilipokuwa kipimo

Miongoni mwa Wajaluo ufinyanzi ni kazi ya wanawake, lakini si kila mwanamke aliufanya. Wafinyanzi walikaa pamoja karibu na mahali penye udongo mzuri, na mara nyingi mwanamke hakufundishwa na mama yake mzazi. Alipoolewa katika nyumba ya wafinyanzi ndipo mama mkwe au wake wenzake walipomketisha chini na kumpa donge la kwanza. Kwa hiyo mkono wa mfinyanzi ulikuwa ni mkono wa nyumba aliyoolewa. Mjuzi akitazama shingo ya chungu na mpangilio wa alama zake aliweza kukisia kimetoka kwa wafinyanzi wa upande gani.

Kazi yenyewe ni ndefu. Udongo huchimbwa, hubebwa kichwani, hutwangwa, huokotwa mawe na mizizi, kisha hukandwa. Wengine huchanganya gae la zamani lililosagwa, ili chungu kisipasuke motoni. Hivyo chungu kilichokufa huingia mwilini mwa chungu kinachozaliwa. Kuta huinuliwa kwa mikono mitupu, hulainishwa, hupambwa, na huachwa zikauke polepole kivulini. Mwisho vyungu hupangwa pamoja na kuchomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Saa ile ya moto ndiyo saa ya hukumu. Upepo ukigeuka, au udongo ukiwa na unyevu, kazi ya siku nyingi hulia mlio mmoja ikaisha.

Vyombo vilikuwa vya namna nyingi. Kulikuwa na dapi ya kuwekea maji, agulu ya kupikia, tawo ya kulia, na mitungi mikubwa ya pombe ambayo wazee waliizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Vilipelekwa katika masoko yenye siku zake maalumu, kama lile la Ng'iya lililopata sifa kwa vyungu. Biashara haikuishia kwa jirani. Watu wa kandokando ya Ziwa walipeleka samaki, vyungu, vikapu na mifugo kwa watu wa nchi za juu, Wagusii na Waluhya, nao wakarudi na nafaka. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Samia, na jembe lilikuwa na heshima hata likatolewa katika mahari.

Bei ilipimwaje kabla ya sarafu? Sehemu nyingi za Afrika Mashariki desturi ilikuwa nyepesi na ya haki. Mnunuzi alikijaza chungu nafaka. Nafaka ikawa ya mfinyanzi na chungu kikawa cha mnunuzi. Chungu kikubwa kilileta nafaka nyingi, na kidogo kilileta kidogo. Katika mwaka wa njaa nafaka ilikuwa ghali, na desturi ililegezwa kwa mapatano; lakini kipimo chenyewe kilitoka mikononi mwa yule aliyekifinyanga. Hili ndilo neno tunalomwomba msomaji alikumbuke hadi mwisho.

Reli, kodi na debe

Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu. Mwaka uliofuata meli Winifred ikaelea, nyingine zikafuata, na Kisumu ikawa mlango wa bidhaa ziendazo na zitokazo Uganda. Katika mabehewa zilikuja nguo, majembe ya kiwandani, sufuria, na mafuta ya taa yaliyotiwa katika madebe ya bati ya galoni 4, karibu lita 18.

Pamoja na bidhaa ilikuja kodi ya nyumba, na kodi haikupokewa kwa chungu wala kwa kikapu. Ilitakiwa rupia, na baada ya mwaka 1921 shilingi. Wanaume walikwenda kuitafuta katika kazi za reli, bandarini Mombasa, na baadaye katika mashamba ya chai ya Kericho. Wanawake walibaki na shamba, watoto na wazee. Kwa wale waliokuwa na ufundi, chungu na jamvi vilikuwa njia ya kupata sarafu bila kuihama nyumba.

Wengi hudhani kwamba sufuria ndiyo iliyomwumiza mfinyanzi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Sufuria haipasuki ikianguka, na huchemka upesi. Lakini twaona kwamba debe lilimwumiza kwa njia ya siri zaidi. Debe tupu, mafuta yakiisha, lilichotewa maji. Tena likawa kipimo cha nafaka katika kila soko. Mahindi yakauzwa kwa debe, mtama kwa debe, na siku hizi, kwa wanunuzi wadogo, kwa gorogoro. Hivyo kipimo kilihama kutoka katika chombo cha mfinyanzi na kuingia katika chombo kilichotupwa na muuza mafuta. Tangu siku hiyo chungu hakikujipimia tena bei yake.

Na tazama ni nani aliyepata nguvu. Mama ametembea tangu alfajiri, ngata kichwani na vyungu juu yake. Saa za asubuhi anataja bei, mnunuzi anacheka na kupita. Mchana anapunguza. Jua likianza kushuka, yule mnunuzi anarudi. Anajua kwamba njia ni ndefu, kwamba chungu kikirudishwa chaweza kuvunjika, na kwamba nyumbani wanangojea unga. Ndipo anapotaja bei yake mwenyewe. Mnunuzi huyo si mwovu. Naye ana watoto. Lakini bei ya jioni si bei ya chungu, ni bei ya uchovu. Bei ya namna hiyo ikizoeleka kwa miaka mingi, watu husahau kwamba ilikuwapo nyingine.

Vyama na mafundi

Je, vyama vyetu vilifanya nini? Tumekwisha kutaja kile cha mwaka 1923. Mwaka 1947 ikaandikishwa kampuni ya akiba na biashara ya Wajaluo, Luo Thrift and Trading Corporation, ambayo mwasisi wake, Bwana Oginga Odinga, alisafiri huku na huko akiwahimiza watu wanunue hisa. Fikira yake ilikuwa kubwa: kwamba Mwafrika aweza kuweka fedha pamoja na mwenzake, akajenga na kufanya biashara kwa jina lake. Katika miaka ile kujenga jengo mjini kulikuwa ni kujibu dharau, na sisi twaliheshimu jibu hilo.

Lakini twakiri kwa unyofu kwamba vyama vya siku hizo, na vyetu vya baadaye, vilipenda zaidi duka kuliko karakana. Duka lilikuwa na mlango, kibao na daftari. Mfinyanzi hakuwa na kibao, wala hakuwa na daftari. Kwa kuwa hakuandika, ilidhaniwa hana hesabu. Na kwa kuwa ni mwanamke aketiye chini, ilidhaniwa anajipitishia wakati.

Yaliyokufa na yaliyogeuka

Hata hivyo ufundi haukufa. Historia yake baada ya reli ni historia ya kugeuka, nasi twaweza kutoa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni wahunzi. Kazi ya kuyeyusha chuma kutoka katika mawe ya vilima vya Samia ilishindwa na jembe la kiwandani, ikakoma. Lakini kufua chuma hakukukoma, kwa sababu chuma chakavu kilipatikana, na mhunzi mwenye nyundo na mivukuto hakuhitaji tena tanuri la kuyeyushia. Leo katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mafundi wa jua kali hufua majiko, masanduku na vyombo vya shamba. Wao ni ndugu wa kazi wa wahunzi wale.

Mfano wa pili ni jiko. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa nishati walitafuta jiko la kupunguza kuni, wakaona kwamba sehemu iliyo ngumu kutengeneza ni ile ya udongo, ile pete pana inayoshika moto ndani. Vikundi vya akina mama karibu na Kisumu vilifundishwa kuifinyanga. Jiko hilo la kuni likaitwa Maendeleo, kwa kuwa lilienezwa pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake kilichoanzishwa mwaka 1952. Baadaye likaitwa pia Upesi. Mfinyanzi aliyenyang'anywa chungu cha kupikia na sufuria, sasa akawekwa chini ya sufuria ileile, akaibeba.

Mfano wa tatu watugusa sisi tunaoshughulikia afya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la CARE liliendesha katika Nyanza mpango wa maji salama ya kunywa. Ilionekana kwamba watu wengi wa mashambani wangali wanaweka maji katika vyungu, kwa kuwa chungu hupumua na kuyapoza maji. Tatizo lilikuwa mdomo mpana: kila mkono ulioingia na kikombe uliingia na uchafu. Badala ya kuwaambia watu wakitupe chungu, waliwaomba wafinyanzi wakifinyange upya, chenye mdomo mwembamba, mfuniko, na bomba dogo upande wa chini. Kisha maji yakatiwa dawa. Hapa, baada ya miaka kama sabini na mitano, somo la usafi la chama kile cha mwaka 1923 na ufundi wa vyungu vilikutana katika chombo kimoja.

Mfano wa nne watoka majini. Gugu la majini lilionekana katika Ziwa karibu na mwaka 1990, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za ghuba yetu, likazuia mitumbwi na meli. Wasusi waliozoea mafunjo ya vinamasi vya Dunga na kwingineko walijaribu mabua yake yaliyokaushwa, wakapata viti, vikapu na kofia za kuuza. Hawakulimaliza gugu, wadudu walioachiliwa walale na upepo ndivyo vilivyosaidia zaidi. Lakini walipata riziki katika msiba. Tena, Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kikapu kilirudi mkononi mwa mwenda sokoni.

Katika mifano hii yote twaona jambo moja. Fundi hakuokolewa kwa kuhurumiwa, wala kwa kuambiwa kwamba kazi yake ni ya jadi. Aliokoka kila palipokuwa na haja ya kweli, naye akaijua, akabadili umbo la kitu chake kabla hajaachwa nyuma.

Hesabu ya mfinyanzi

Limebaki swali la gaeni. Kazi yaweza kuendelea na mfanyakazi akabaki maskini. Hayo mawili ni mbalimbali. Kuni zamani ziliokotwa, leo hununuliwa. Udongo zamani ulichimbwa penye udongo. Lakini mashamba yakishapimwa na hati kutolewa, shimo laweza kuangukia ndani ya mpaka wa mtu, ikawa lazima kuomba au kulipa. Mafunjo yakikatwa bila kipimo hupungua, na msusi hutembea mbali zaidi. Mambo haya yote ni gharama, lakini mara nyingi hayaingii katika bei. Mama huhesabu alichopokea sokoni, hahesabu alichotumia. Hasa hahesabu siku zake.

Katika jambo hili twaweza kujifunza kwa ndugu zetu wachongaji wa Kikamba, ambao kazi yao ya vinyago ilikua baada ya Mutisya Munge wa Wamunyu kujifunza uchongaji katika Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Hao pia waliuza kila mtu peke yake, na wachuuzi wakawashindanisha. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa walianzisha chama cha ushirika huko Changamwe. Kila mchongaji huchonga kazi yake mwenyewe, lakini duka ni la wote na bei hubandikwa. Mnunuzi anayekuja jioni hukuta bei ya asubuhi.

Hatusemi kwamba ushirika ni dawa ya kila ugonjwa. Sote tumeona vyama vilivyoliwa na viongozi wake. Lakini mambo matatu hayahitaji jengo kubwa wala kiongozi mkubwa. La kwanza, kila fundi na awe na daftari, au kama hajui kuandika, mtoto wake wa shule amwandikie: udongo kiasi gani, kuni kiasi gani, siku ngapi, vingapi vilipasuka motoni. La pili, wafinyanzi wa soko moja wapatane juu ya bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, na wawe na chumba kimoja chenye kufuli karibu na soko, ili chungu kisichouzwa kilale hapo badala ya kurudi kichwani. Chumba hicho kitaiondoa bei ya jioni kuliko hotuba kumi. La tatu, mkaza mwana anayefundishwa alipwe tangu chungu chake cha kwanza kinachouzwa, hata kama ni kidogo. Kijana haikimbii kazi kwa sababu ina udongo. Huikimbia kwa sababu amemwona mama mkwe wake akizeeka ndani yake bila akiba.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Kiluo na vyombo vyake, na watoto wa shule huenda kuvitazama. Ni jambo jema. Lakini chungu cha makumbusho hakimsomeshi mtu. Wafinyanzi wa Urewe wametuachia vigae tu, wala hatujui walikula katika vyombo gani. Wa kwetu tungali nao, wamekaa sokoni juani na vyungu vyao mbele yao. Yatupasa tuwarudishie kipimo, wao wenyewe waseme chungu kimejaa au hakijajaa.